Unataka kujitengenezea meza ya kazi gerejini? Anza bajeti na vitu vidogo

Novemba iliyopita, mwenzetu mmoja wa kitengo cha huduma kwa wateja aliamua kujitengenezea meza ya kazi. Nyumba anayoishi ina gereji ya gari moja, na gari hana, kwa hivyo gereji ilikuwa imegeuka stoo: baiskeli ya mtoto, mitungi miwili ya gesi, ndoo za rangi iliyokauka, na kiti kinachongoja kurekebishwa tangu wakati wa Covid. (Tukisema gereji hapa hatumaanishi kwa mekanika. Ni kile chumba cha nyumbani chenye mlango mkubwa.) Alitaka meza imara ya kupigia misumari na kukatia mbao, ili hizo kazi ndogo ndogo azifanye mwenyewe badala ya kuita fundi kila mara.

Alikuwa ametenga shilingi 12,000. Kwenye pochi hiyo hiyo ya simu zilikuwamo pesa za karo ya Januari.

Meza ilikamilika, na ni nzuri, picha tumeziona. Lakini alipokaa chini kuhesabu karo, ilikuwa imepungua kwa shilingi 5,485. Alidhani ni fundi wa mbao aliyempiga bei. Akaomba taarifa yake ya miamala, ile watu huita steitimenti, akakaa nayo na kalamu nyekundu. Ametukubalia tuisimulie hapa bila jina, kwa sababu alichokigundua tunakiona kwa wateja wengi wanaofanya kazi za nyumbani wenyewe.

Bajeti yake ilikuwa na mistari mitano tu, imeandikwa nyuma ya risiti ya supamaketi: mbao 2,800, plaiwudi 3,700, drili ya umeme 3,500, skrubu na gundi 1,000, vanishi 1,000. Jumla 12,000 kamili. Sasa tazama taarifa ilisema nini. Mbao: 2,800. Plaiwudi: 3,700. Drili: 3,500. Vile vitu vitatu vikubwa, vile alivyokesha akivifikiria na kuuliza bei duka hadi duka, havikuzidi hata shilingi moja. Hata vanishi ilishuka, 950.

Pesa zilipotelea kwingine. Usafiri wa mbao 800, halafu boda 300 ya kurudi kuchukua kilichosahaulika. Kupiga mbao randa 600. Kukatiwa plaiwudi 300. Biti za drili 600, kwa sababu drili ilikuja bila biti na yeye hakuuliza. Waya wa ekstensheni 1,100, kwa sababu gereji haina soketi. Msasa 200, thina 250, brashi 150. Kijana wa kumsaidia kushikilia mbao siku mbili, 700 pamoja na chakula. Skrubu alinunua mara tatu, 350, kisha 280, kisha 240, na gundi 450. Ada za kutuma na kutoa pesa 215. Jumlisha mwenyewe: inafika 17,485.

Yaani karibu kila kitu alichokipangia kilikaa mahali pake, isipokuwa skrubu na gundi. Kilichomla zaidi ni kile ambacho hakukiandika.

Tangu hapo tunapoulizwa jinsi ya kupanga kazi ya mikono nyumbani, tunasema anza na orodha ya vitu vidogo kabla ya vile vikubwa. Vikubwa havisahauliki. Chukua karatasi na uifanye kazi yote kichwani hatua kwa hatua, kama unayeiona: mbao ziko dukani, zinafikaje nyumbani? Zimefika, zinakatwa na nini? Huo msumeno uko wapi, ni wako au wa kuazima? Drili inachomekwa wapi? Vumbi linatolewa na nini? Vanishi inapakwa na brashi gani, na brashi inasafishwa na nini? Kila swali lisilo na jibu lililoko nyumbani tayari ni mstari wa bajeti. Ukimaliza, ongeza sehemu moja kwa kumi juu ya jumla kwa lile ambalo bado hujaliona. Kuna watu wataona hiyo ni kujitisha bure. Sisi tunaona ni nafuu kuliko kuchokoa karo.

Hesabu mbao kabla ya kwenda yadi

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa bila kubembeleza mtu bei. Mbao zetu huuzwa kwa futi, na hukatwa kwa urefu maalum: futi 8, 10, 12, 14, 16, kutegemea yadi. Ukienda ukisema "nataka mbao za meza," utapewa zile zilizo karibu na mlango.

Chukua meza ya mwenzetu. Urefu futi 6, upana futi 2, fremu ya mbao za 4 kwa 2. Inahitaji miguu minne ya inchi 34, vipande vinne virefu vya futi 6 (viwili vya fremu ya juu, viwili vya fremu ya chini), na vipande sita vifupi vya inchi 20 vya kuunganisha vile virefu. Yeye alinunua mbao nne za futi 14, jumla futi 56. Kwa shilingi 50 kwa futi, hiyo ndiyo ile 2,800.

Angechukua za futi 12, mbao nne zingetosha: ya kwanza inatoa miguu yote minne na inchi 8 zinabaki, ya pili inatoa vipande viwili virefu, ya tatu viwili vingine, na ya nne inatoa vile vifupi sita huku futi 2 zikibaki. Futi 48, shilingi 2,400. Mia nne zimeokolewa kwa penseli. Kumbuka tu kwamba kila mkato wa msumeno hula milimita 2 au 3, kwa hivyo mbao ya futi 12 haitoi futi 6 mbili kamili. Kubali meza yenye upungufu kidogo wa futi 6, hakuna atakayekuja na tepu kuipima.

Plaiwudi alihesabu vizuri, lazima tumsifu. Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Ukilipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Kimoja kinakatwa futi 6 na kuwa uso wa meza, cha pili futi 6 na kuwa rafu ya chini, na vinabaki vipande viwili vya futi 2 kwa 2. Alichagua plaiwudi badala ya MDF kwa sababu gereji yake huvuja mvua ikinyesha ya upepo, na MDF ikinywa maji hufura na kumeguka. Kama gereji yako ni kavu kabisa, MDF si mbaya.

Neno moja kuhusu mbao zenyewe. Mbao mbichi huwa nzito na baridi mkononi, na zikikauka zikiwa tayari zimefungwa skrubu, hupinda na kuivuta meza nzima. Saiprasi iliyokauka ni chaguo zuri kwa meza ya gereji: si ghali kupindukia na haimsumbui anayejifunza kukata. Inua kila mbao, funga jicho moja na uitazame kutoka ncha hadi ncha kama unayelenga shabaha. Iliyopinda irudishe. Muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike. Na usipige randa kila kitu. Miguu na fremu ya chini hakuna anayezipapasa, kwa hivyo randa ya sehemu za juu tu ingempunguzia mwenzetu ile 600.

Usitumie bei ya mwaka juzi pia. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku hiyo. Ni soko ambalo habari moja ya redioni yaweza kulitikisa. Piga simu yadi tatu siku moja, uliza bei ya futi kwa saizi ile ile, na uliza kama wanapeleka.

Drili: ununue au ukodi?

Drili ya 3,500 ilifanya kazi siku mbili, kisha ikalala. Tuseme mtu anakukodisha kwa 500 kwa siku. Siku saba za kukodi ndiyo bei ya kununua. Swali la kweli ni hili: utaitumia zaidi ya siku saba miaka miwili ijayo? Jibu kwa kazi unazoweza kuzitaja, si kwa ndoto. Kama una rafu, pazia na mlango unaogoma, nunua. Kama ni meza hii tu, kodi, au mpe fundi wa jirani pesa ya soda akutobolee matundu yote kwa saa moja.

Ukinunua ya mtumba, iwe Gikomba, Kibuye au kwa mtu uliyemwona mtandaoni, ichomeke kwenye umeme na utoboe mbao mbele ya muuzaji kabla hujatoa simu mfukoni. Uliza ina biti au haina. Asiyeuliza tumeona yaliyomkuta.

Pesa zikae wapi

Kosa kubwa la mwenzetu, kwa maoni yetu, si zile skrubu za mara tatu. Ni kuweka pesa za meza na za karo kwenye salio moja. Ukisimama dukani na muuzaji akasema "biti hazimo, ni 600 zaidi," simu inaonyesha salio la elfu thelathini na kitu, na mkono unalipa. Haukuoni unakula karo. Unaona salio tu.

Ndiyo maana tunasisitiza pesa ya karo, kodi ya nyumba au chama itoke kwenye salio la kawaida kabla hujaanza kazi yoyote. Ihamishie kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe unayoihitaji, au lipa karo mapema kwa paybill ya shule ikiwa shule inapokea. Kibaki kile cha meza. Kikiisha, kazi inasimama, na hilo si balaa. Meza isiyopakwa vanishi inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Mtoto hawezi kungoja langoni.

Na usikopee meza. Mikopo ya simu sisi wenyewe tunatoa, na tungependa uitumie, lakini kwa meza ya gereji hatukushauri. Hakuna dharura hapo, na ada ya mkopo itakuwa mstari mwingine ambao hukuuandika. Maduka mengi ya vifaa hukubali ulipe mdogo mdogo, ukamilishe, ndipo uchukue mzigo. Omba risiti ya kila malipo, yenye muhuri, hata kama ujumbe wa simu unao.

Namna ya kulipa

Zile ada za 215 nazo zina hadithi. Yadi ya mbao ilimwambia "hapa ni keshi," akaenda kwa wakala kutoa pesa, mara mbili. Siku ya kurudi kuchukua kilichosahaulika akaona stika ya till imebandikwa ndani ya ofisi. Uliza mara ya pili. Ukilipa kwa namba ya till ya duka, ada haitoki kwako, na jina la biashara linabaki kwenye taarifa yako. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi unalipa ada, na baada ya miezi mitatu jina lile halikukumbushi kama lilikuwa la skrubu au la boda. Ukilazimika kutuma kwa mtu, tuma mara moja. Mia tatu mara tatu hugharimu zaidi ya mia tisa mara moja.

Kabla hujaweka PIN, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Likiwa tofauti na la duka au la mtu uliyezungumza naye, sitisha, uliza, usione haya. Ukikosea namba, wasiliana nasi papo hapo na usisubiri kesho. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji tuna la kufanya. Akiwa ashazitoa, mikono yetu inafungika.

Jambo tunalolisikia kila wiki, na linatuuma, ni la dipositi. Mteja anaona mashine ya kukatia mbao mtandaoni kwa bei ya kutamanisha. Muuzaji anasema kuna mwingine anakuja jioni, tuma elfu mbili nikuwekee. Anatuma. Simu inazimwa. Mteja anatupigia akisema "rudisheni," nasi tunaona pesa zilitolewa dakika chache baada ya kutumwa, mji mwingine kabisa. Hapo tunachoweza ni kuipokea ripoti na kumshauri aende polisi. Kwa kitu ambacho hujakiona wala kukigusa, dipositi isitoke. Bei ikiwa ya haraka hivyo, mwache huyo mwingine wa jioni aichukue.

Kwa fundi wa mtaani mnayefahamiana ni tofauti, lakini hata hapo tenganisha mambo mawili. Vifaa nunua wewe, kwa till, dukani. Kazi mlipe kwa hatua: kidogo akianza, sehemu nyingine fremu ikisimama, ya mwisho ukiwa umeikalia meza na haijalia. Pesa ya vifaa ikipitia mkononi mwa fundi, mara nyingine inarudi ikiwa na mbao fupi.

Na kabla hujaanza

Nyumba ya kupanga? Mtumie mwenye nyumba ujumbe kabla ya kutoboa ukuta, na uhifadhi jibu lake. Skrubu za ukutani zimekula dipositi za watu wengi siku ya kuhama. Vanishi na thina hushika moto, kwa hivyo mitungi ya gesi itoke gerejini, mlango uwe wazi, na sigara iwe mbali. Waya wa ekstensheni ukikunjwa ukiwa unabeba mzigo hupata joto, ukunjue wote.

Kazi ikiisha, fungua programu yetu ya simu, chagua taarifa ya miamala, weka tarehe ya siku ulipoanza na siku ulipomaliza, uitume kwa barua pepe yako. Pitia kila mstari uliohusu kazi hiyo na uuweke alama. Hiyo ndiyo bajeti ya kazi yako inayofuata, maana imeandikwa na pesa zenyewe.

Mwenzetu alifanya hivyo hivyo Aprili, shule zilipofungwa. Vile vipande viwili vya plaiwudi vya futi 2 kwa 2 alivipasua kila kimoja katikati, akapata rafu nne. Mabano manane ya chuma alitengenezewa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji kwa vipimo vyake, 120 kila moja, 960. Safari hii orodha ilikuwa na skrubu na plastiki za ukutani 300, biti ya kutobolea ukuta 150, msasa 100, nauli 200, na 190 za lile lisiloonekana. Jumla 1,900, zikiwa zimetengwa peke yake. Taarifa ilisoma 1,700. Biti ya ukuta ilizidi kwa 30 na skrubu zikapungua kwa 40. Ule ubao wa futi 9 uliobaki kutoka kwenye mbao za futi 14 bado umeegemea ukuta wa gereji. Anasema utakuwa miguu ya kile kiti.